Je, Ni Udhaifu Kusema "Bado Sijajua"?



Walimu wa injili na wazee wa kanisa wameuliza mara nyingi swali hili: Ajali kubwa inapotukia, na watu wanapotujia wakilia na kuuliza, "Sababu yake ni nini? Ni nani aliyekosa?", je, yafaa mtu aliyewekwa kuwaongoza wenzake ajibu, "Bado sijajua"? Wengine hudhani kwamba jibu hilo ni la mwoga, au la mtu asiyejali. Husema kwamba kiongozi ni mtu mwenye majibu. Mimi nataka kuonyesha kwamba neno hilo, likisemwa kwa haki, ni kazi ngumu kuliko kuhukumu, tena ni deni letu kwa waliokufa na kwa walio hai. Nitalionyesha kwa habari za ndege zilizoanguka. Hapo ndipo wanadamu walipojifunza kwa uchungu mwingi namna ya kutafuta sababu, na waliyojifunza yatufaa hata sisi tusiopanda ndege.

Siku ya Bwana, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya kampuni ya Precision Air iliondoka Dar es Salaam asubuhi kwenda Bukoba. Huko mvua na dhoruba zilikuwa zimefunika anga. Ilipokaribia kutua ilianguka katika Ziwa Viktoria, karibu kabisa na uwanja. Wavuvi waliingia majini na mitumbwi yao kuwasaidia watu. Ndani ya ndege mlikuwa na watu 43. 24 walipona, na 19 walikufa. Marubani wote 2 walikuwa miongoni mwa waliokufa.

Hapa mjini wako watu wengi wenye ndugu zao Bukoba, na habari ile ilienea upesi. Lakini kabla maiti hazijatambuliwa zote, hukumu zilikuwa zimekwisha kutolewa katika mabaraza ya kahawa ya Kariakoo. Mmoja alisema kosa ni la rubani. Wa pili alisema ndege yenyewe ilikuwa mbovu. Wa tatu alilaumu uwanja. Wa nne alinong'ona kwamba hapo pana mkono wa mtu. Wote walisema kwa uthabiti, na hapana hata mmoja wao aliyekuwako Bukoba asubuhi ile. Mambo yalikuwa hayo hayo tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoanguka Kariakoo kwenyewe likaua watu zaidi ya 20. Waokoaji walikuwa wangali wakiita chini ya kifusi, wasikie kama yuko aitikaye, na barabarani watu walikuwa wamekwisha kumpata mwenye kosa. Ila kila kundi lilikuwa na wake.

Wasemaji hao wana methali ya kuwatetea: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina kweli yake, maana mara nyingine uvumi hutangulia habari. Lakini mtu akiifanya kuwa sheria ya kuamulia mashauri ataumiza wengi. Lisemwalo huenda lipo, na huenda limetungwa na mtu mwenye haja yake. Kusemwa tu hakutuonyeshi ni lipi kati ya hayo mawili.

Yafaa kwanza tujue kwa nini twapenda kuhukumu upesi. Naona mambo matatu. La kwanza ni huzuni. Mtu aliyefiwa hutafuta kitu cha kushika. Hasira ni nyepesi kuchukua kuliko huzuni, nayo hasira yataka mtu wa kuelekezewa. La pili ni hofu. Tukisema rubani alikuwa mzembe, twajifariji kwamba ndege nyingine zote zi salama, na kesho tutapanda bila wasiwasi. La tatu ni faida. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Aliyeunda ndege angependa kosa liwe la rubani. Kampuni yenye ndege ingependa liwe la hali ya hewa. Mwenye uwanja angependa liwe la fundi. Kila mmoja aweza kuwa mtu mwema, na bado mkono wake utaivuta ngozi.

Tazameni sasa ni nani asiye na mkono wa kuvutia. Ni yule aliyekufa. Asiyekuwepo na lake halipo, wasema wazee, na rubani aliyekufa hayupo. Hawezi kusimama na kusema aliona nini mbele yake, au mkono wake ulishika nini. Kwa hiyo ni rahisi sana kumtwika yeye mzigo wote, na mjane wake na watoto wake huuchukua mzigo huo barabarani, sokoni, hata kanisani. Huenda kweli alikosa. Marubani ni wanadamu, nao hukosa. Lakini kumhukumu kwa sababu hawezi kujibu ni jambo lingine kabisa, na amri itukatazayo kumshuhudia jirani uongo haikuwaondoa majirani waliokwisha kufa.

Iko habari moja ambayo yafaa kila msomaji wa Dar es Salaam aijue. Watu wa Kariakoo hupita kila siku katika Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Lumumba, kila mtu na shughuli zake, wala hawana nafasi ya kukumbuka majina hayo yalitoka wapi. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Miezi 8 baadaye vita vya Katanga vilimleta mtu mwingine katika safari ya kufa kwake. Huyo alikuwa Dag Hammarskjöld, Mswidi, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1953, mtu aliyelelewa katika kanisa la Kilutheri la nchi yake.

Tarehe 17 Septemba 1961 alasiri aliondoka Leopoldville, mji uitwao sasa Kinshasa. Alikuwa akienda Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ili akutane na Moïse Tshombe, mkuu wa Katanga, na kutafuta mapatano ya kusimamisha vita. Baada ya saa 6 za usiku rubani wake alipeleka habari kwa redio kwamba auona uwanja wa Ndola. Kisha pakawa kimya. Mabaki ya ndege yalionekana mchana wa siku iliyofuata, porini, yapata kilometa 15 kutoka uwanjani. Ndani walikuwamo watu 16. Mmoja tu, mlinzi Mmarekani, alikutwa hai, naye alikufa hospitalini baada ya siku chache.

Serikali ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland ilifanya uchunguzi, na mwaka 1962 tume yake ilisema kwamba kosa ni la marubani: walishuka chini mno, ndege ikagonga miti. Angalieni jinsi walivyofika hapo. Katika pori lile walikuwako wachoma makaa, Waafrika, wakilinda matanuri yao usiku. Baadhi ya Waafrika wa mahali pale walisema waliona ndege ya pili angani, au mwali wa moto kabla ndege kubwa haijaanguka. Maneno yao hayakupewa uzito. Yule mlinzi aliyeungua alisema kitandani habari za mlipuko na cheche angani. Ikasemwa kwamba ni maneno ya mgonjwa aliyeweweseka. Basi, mashahidi waliokuwa karibu zaidi na jambo lenyewe ndio waliopimwa kuwa wepesi zaidi.

Simwambii msomaji kwamba wachoma makaa waliona sawasawa. Jicho la usiku hudanganya, na mtu aliyesikia habari nyingi huweza kukumbuka asichokiona. Mgonjwa naye huweza kuweweseka kweli. Nasema hivi tu: shahidi akikataliwa kwa sababu ya rangi yake au kazi yake, maneno yake yasipimwe, uchunguzi umekwisha kabla haujaanza. Watakaoandika wataandika kurasa nyingi, lakini jibu lilikuwa mezani tangu siku ya kwanza. Tume ya Umoja wa Mataifa, iliyotoa taarifa yake mwaka huo huo wa 1962, ilikataa kulifunga shauri. Ilisema haikuweza kuthibitisha sababu moja, wala kuziondoa nyingine.

Shauri likalala muda mrefu. Mwaka 2011 mwanahistoria Susan Williams alitoa kitabu juu ya kifo hicho, na mwaka 2013 tume ya majaji wa kujitolea, iliyoongozwa na Stephen Sedley wa Uingereza, ilisema kwamba iko haja ya kulifungua tena. Ndipo mwaka 2015 Katibu Mkuu Ban Ki-moon alipomwita Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania wakati ule, kuongoza baraza la watu 3 la kupima habari mpya. Mtu wa mahakama zetu aliwekwa kuwasikiliza, kati ya wengine, wale wachoma makaa waliozeeka, na wengine katika wao hawakupata kuulizwa neno lolote na serikali ya zamani.

Yafaa tutazame alivyofanya kazi. Baraza lake halikusema, "Waafrika walidharauliwa, kwa hiyo yote waliyosema ni kweli." Lilitengeneza mizani yenye vyeo 4: habari isiyo na thamani yoyote, habari dhaifu, habari ya wastani, na habari yenye nguvu. Kila neno likawekwa katika mizani hiyo, la mkubwa na la mdogo. Masimulizi mengine yaliyopendwa sana na watu yalionekana kuwa matupu. Mengine yalionekana kuwa na uzito. Katika taarifa yake ya mwaka 2017 Jaji Othman alisema kwamba yamkini ndege ile ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje, ama ikaangushwa hasa, ama marubani wakashtushwa kwa kitambo kidogo katika dakika ya hatari. Hakuliondoa neno la kwamba huenda marubani walikosa wenyewe. Wasomaji, lishikeni neno "yamkini". Mtu aliyefanya kazi kwa miaka, akazisoma hati nyingi za nchi nyingi, alichagua neno dogo kuliko yale tuyachaguayo sisi kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Lakini neno lake halikuwa la mtu aliyekaa kimya. Aliandika pia kwamba nchi zinazoelekea kuwa na habari za siku ile, hasa Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, hazijazifunua zote. Na katika taarifa zake zilizofuata, mpaka ile ya mwaka 2024, alirudia kwamba ni juu yao kuonyesha kuwa wamezipekua hati zao kikamilifu. Hapo twajifunza kwamba kuuacha moyo wazi si kulala usingizi. Mwenye kusema "bado sijajua" kwa haki ana wajibu wa kusema pia, "na hawa ndio wenye ufunguo, nao wafungue."

Yuko atakayesema, "Habari hiyo ni ya wakubwa na siasa zao. Katika ajali ya kawaida kuna hasara gani tukikisia sababu?" Hasara iko, nayo ni ya damu. Mwaka 1952 Waingereza walianza kusafirisha abiria kwa ndege ya kwanza ya jeti, iliyoitwa Comet. Safari yake ya kwanza ilitoka London mpaka Johannesburg, nayo ilitua Entebbe, kwa jirani zetu wa Uganda. Tarehe 10 Januari 1954 Comet moja ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, katika Italia. Watu 35 wakafa. Ndege za namna ile zikasimamishwa. Wataalamu walikaa, wakafikiri kwamba yamkini ni moto, wakazitengeneza sehemu nyingi walizozishuku. Na tarehe 23 Machi zikaruka tena. Mabaki yalikuwa bado yakitolewa baharini. Tarehe 8 Aprili, siku 16 tu baadaye, Comet ya pili ilianguka karibu na Naples, ikaua watu 21.

Baada ya hapo hawakukisia tena. Huko Farnborough, katika Uingereza, walijenga birika kubwa, wakaitia mwili mzima wa Comet ndani ya maji, wakawa wakiusukuma kwa maji na kuulegeza, mara elfu na zaidi, kama vile hewa inavyousukuma kila ndege ipandapo na kushuka. Mwisho ukapasuka, na ufa ulianzia penye pembe ya tundu lililokatwa katika bati. Moto haukuwa na neno. Bati lilikuwa limechoka. Kila fundi wa Gerezani ajua jambo hili: ukunje waya mara moja, haukatiki; ukunje na kuukunjua mara nyingi, utakatika mkononi bila nguvu. Elimu hiyo ilikuwa mikononi mwa mafundi, lakini hawakuigeukia kwa wakati, maana walidhani wamekwisha kupata jibu. Wale watu 21 waliingia katika ndege iliyotengenezwa vizuri kwa ajili ya ugonjwa usiokuwa wake.

Sasa nakuja kwenye shaka iliyo kubwa zaidi, na sitaki kuipita. Mama aliyefiwa na mwanawe aweza kuniambia, "Mchungaji, ninyi mna nafasi ya kupima maneno kwa miaka. Mimi nataka haki leo. Tena hao wenye nguvu hupenda sana maneno ya 'tungoje uchunguzi'. Wangoja mpaka watu wasahau." Mama huyo asema kweli. Kungoja kumetumika mara nyingi kuwa mahali pa kujificha. Basi, tutalitofautishaje neno la mwenye haki na neno la mwenye kujificha, na yote mawili ni "bado"?

Habari ya Ethiopia yanisaidia hapa. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege aina ya Boeing 737 MAX ilianguka baharini katika Indonesia, ikaua watu 189. Ndege za namna ile ziliendelea kuruka. Tarehe 10 Machi 2019, Siku ya Bwana, ndege nyingine ya namna hiyo hiyo, ya kampuni ya Ethiopian Airlines, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikaanguka baada ya dakika chache. Watu wote 157 walikufa, na kati yao walikuwamo Wakenya wengi. Wako watu katika nchi tajiri waliowalaumu marubani mara moja, kwamba ni wa nchi maskini na hawakufundishwa vema. Lakini Waethiopia walizisimamisha ndege zao za namna ile bila kungoja, China ikafanya hivyo, na nchi nyingi zikafuata. Marekani nayo ilizisimamisha tarehe 13 Machi.

Hapo pana fundisho. Waliozisimamisha ndege hawakusema kwamba wamekwisha kujua sababu. Walisema kwamba hawajui, na kwa kuwa hawajui, mtu asipande. Kuzuia hatari ni jambo moja, na kutia hatiani ni jambo lingine. La kwanza laweza kufanywa leo kwa shaka tu. La pili lataka ushahidi. Mwenye haki asemapo "bado" huifunga njia ya hatari na kuacha wazi njia ya maswali. Mwenye kujificha hufanya kinyume: huacha hatari iendelee, na maswali huyafunga. Kwa alama hiyo tutawajua. Kama jengo lina ufa, wapangaji watoke leo. Aliyelijenga na asikilizwe kwanza ndipo ahukumiwe. Mama aliyefiwa ana haki ya kudai yote mawili.

Uchunguzi uliendelea, ikaonekana kwamba ndani ya ndege zile mlikuwa na mtambo wa kujiendesha ulioinamisha pua ya ndege chini kwa kufuata kipimo kimoja tu, na kipimo hicho kilipodanganya, marubani walishindana na ndege yao wenyewe. Mwezi wa Januari 2021 kampuni ya Boeing ilikiri mbele ya Wizara ya Sheria ya Marekani kwamba watumishi wake waliwadanganya wakaguzi wa serikali juu ya mtambo huo, ikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5. Wale waliowadharau marubani wa Afrika na Asia walikuwa wamehukumu kwa kipimo kimoja, kama mtambo ule ule.

Lakini hata hapo kweli haikuwa na uso mmoja. Wachunguzi wa Indonesia walihesabu mambo 9 yaliyochangia ajali ya kwanza. Mengine yalihusu waundaji, mengine matengenezo ya ndege, mengine kazi ya marubani katika dakika zile. Nani angependa habari ya namna hiyo katika baraza la kahawa? Sisi twataka sababu moja, yenye jina na uso. Na ajali, mara nyingi, ni kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi. Ukiukata uzi mmoja na kuutupa, waliobaki watakufa kwa zile nyingine. Ndiyo sababu sheria ya mataifa yote juu ya kuchunguza ajali za ndege husema kwamba shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Lawama zina mahakama yake na siku yake. Mkutanoni pa wachunguzi yafaa rubani aliye hai aweze kusema, "Hapa nilikosa," bila hofu ya kufungwa kwa neno hilo, na wenzake wakapona kwa kukiri kwake.

Limebaki neno juu ya yule wa nne katika baraza la kahawa, aliyenong'ona habari za mkono wa mtu. Huyo tusimcheke, maana anatuhusu kuliko wote. Rubani alaumiwaye bure ataletewa wachunguzi na visanduku vile viitwavyo vyeusi, ijapokuwa rangi yake ni ya machungwa, vikakumbuka sauti na mwendo wa ndege. Lakini bibi kizee alaumiwaye kwa uchawi hana kisanduku. Katika mikoa ya kanda ya Ziwa akina mama wazee wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa hivyo, na wengine alama yao ilikuwa macho mekundu tu, macho ya mtu aliyepika kwa moshi maisha yake yote. Mara nyingi mauaji ya namna ile yalianzia katika swali la haki: "Mtoto wangu amekufa kwa nini?" Swali halikuwa dhambi. Dhambi iliingia pale watu waliposhindwa kukaa usiku mmoja na swali lisilo na jibu.

Wako pia wanaomtwika Mungu hukumu zao, wakisema waliokufa walikuwa na dhambi fulani. Hao Bwana wetu amekwisha kuwajibu alipoulizwa habari za namna hiyo, naye akautaja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Hakukubali kwamba wale 18 walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Aliligeuza swali liwaelekee wauliza wenyewe.

Basi, mwalimu wa injili aitwaye leo katika nyumba ya matanga, Kariakoo au Ilala au Magomeni, afanyeje? Kwanza aketi na waliofiwa, wala asitangulie kueleza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; maelezo yake yatakuwa mepesi kwake, na mazito kwao. Pili, akiulizwa sababu, aseme lile ajualo na jinsi alivyolijua: hili lilitangazwa na wachunguzi, hili niliambiwa na aliyekuwako, hili lasemwa tu barabarani. Vyeo hivyo vitatu vyatosha kuwa mizani ya mtu asiye jaji. Tatu, asikiapo jina la mtu likitajwa, awe rubani, fundi, mwenye nyumba, au jirani mzee, aulize mbele ya wote, "Je, yeye mwenyewe ameulizwa?" Swali hilo dogo limeokoa watu. Nne, asiache neno "tungoje" liwe mto wa kulalia wakubwa. Taarifa ya uchunguzi ikichelewa, na aiulizie. Ikitoka, na aisome kwa watu, hata kama imekataa lile yeye alilolidhani.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kuuacha moyo wazi siku ya kwanza si kazi kubwa, maana siku ya kwanza hatujui neno. Kazi iko siku ile ushahidi unapokuja na kutuambia kwamba tuliyemchukia hana hatia, au kwamba tuliyempenda anayo. Aliye tayari kuupokea ushahidi wa namna hiyo ndiye aliyesema kwa kweli, "Bado sijajua." Waliokufa hawatarudi kwa sababu tumemjua mwenye kosa, lakini walio hai watapanda ndege kesho, watalala katika majumba ya ghorofa usiku huu, nao wana haki kwamba sababu iliyotafutwa iwe ndiyo iliyokuwako.